Gundi ya moto au gundi nyeupe? Ulinganisho kwa wenye mashine za maboksi Tabora na Kigoma

Ukienda kununua gundi ya mashine ya maboksi, muuzaji atakuuliza unataka kilo ngapi. Kabla ya kilo, uliza joto. Kuna joto la ndani ya mashine, joto la karakana, na joto ambalo boksi litakutana nalo likishatoka mikononi mwako: kwenye lori, kwenye behewa, kwenye ghala la bati au juu ya gati. Gundi inayofaulu katika joto la kwanza inaweza kuanguka katika la tatu, na mteja atakachokiona ni boksi lililofunguka tu. Bei ya kilo haikuambii lolote kuhusu hilo.

Gundi zinazoshindania nafasi kwenye mashine ya kukunja na kuunganisha ni mbili. Gundi ya moto, ambayo ya kawaida ni aina ya EVA (plastiki inayoyeyuka kwa joto), huja ikiwa punje au vipande vikavu. Inayeyushwa kwenye tangi, inasukumwa na pampu kupitia mpira wenye hita hadi kwenye bunduki, na inatoka kwenye nozeli kama uzi. Inashika kwa kupoa. Gundi nyeupe ya maji, aina ya PVA, huja kwenye ndoo au pipa na kupakwa kwa gurudumu au rola inayozunguka ndani ya beseni. Inashika kwa kupoteza maji, ambayo mengi yananyonywa na karatasi na mengine yanaondoka na hewa. Karibu kila tofauti utakayoisoma hapa chini inatokana na hapo: moja inapoa, nyingine inakauka.

Miji yenyewe pia haifanani. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Alfajiri za Juni na Julai hushuka hadi karibu 15°C, na Oktoba mchana joto hupita 30°C huku hewa ikiwa kavu. Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, joto lake halichezi sana, ila kuanzia Novemba hadi Aprili hewa imejaa unyevu na kadibodi iliyolala wazi inaunyonya wote inaoweza. Kwa hiyo fundi wa Tabora anapambana na ukavu na mabadiliko ya joto kati ya asubuhi na mchana, wa Kigoma anapambana na maji yaliyomo hewani. Ushauri uliompa mmoja mafanikio usiuhamishe kwa mwenzake bila kuupima.

| Jambo | Gundi ya moto (EVA ya kawaida) | Gundi nyeupe (PVA) |
|---|---|---|
| Joto la kupakia | 150–180°C | joto la chumba, vizuri zaidi 18–28°C |
| Nafasi ya kukunja baada ya kupaka | sekunde chache tu | ndefu zaidi, inapungua hewa ikiwa kavu |
| Kubana mpaka ishike | sekunde 1–3 hivi | dakika kadhaa. Nguvu kamili ndani ya saa 24 |
| Umeme ukikatika | kusubiri tangi lipande tena, mara nyingi dakika 30–45 | mota ikirudi, kazi inaendelea |
| Kadibodi yenye unyevu | huvumilia kiasi | hukawia kukauka, hufunguka |
| Boksi kuachwa kwenye joto kali | hulainika mapema | huvumilia zaidi |
| Boksi kulowa | gundi hustahimili, karatasi ndiyo hulegea | ya kawaida hulainika |

Gundi ya moto: joto la mashine ndilo kila kitu

Kama karatasi ya muuzaji haisemi vingine, anza na tangi 155°C, mpira 160°C na nozeli 160°C. Tangi liwe chini kidogo kwa sababu gundi inakaa humo kwa saa nyingi, ilhali kwenye mpira na nozeli inapita tu. Zipo gundi za joto la chini, za 120 hadi 140°C, ambazo hazichakai haraka na hazichomi vibaya kama za kawaida. Ukizipata kwa uhakika, zipe nafasi.

Kosa linaloharibu mashine nyingi ni kupandisha joto kila boksi linapofunguka. Ukiongeza hadi 190°C gundi itakuwa nyepesi na leo utaona kazi inakwenda. Lakini gundi iliyokaa kwenye joto hilo huungua pembeni mwa tangi na kuacha ganda jeusi. Ganda linameguka vipande, vinapita hadi kwenye chujio, na kimoja kikivuka kinaziba nozeli ambayo tundu lake ni milimita 0.3 hadi 0.5 tu. Dalili zinatangulia: rangi inatoka kwenye njano ya majani makavu kwenda kahawia, harufu inakuwa kali, moshi unaonekana juu ya tangi. Ukifika hapo usiongeze punje mpya juu ya zilizoungua. Mwaga, safisha tangi, badilisha chujio.

Gundi ikitoka na nywele, yaani vile vinyuzi vinavyonata kila mahali kwenye mashine, mara nyingi ni ya baridi mno, au nozeli iko mbali na kadibodi, au shinikizo la pampu limeshuka. Pima kabla ya kugusa kitufe. Namba kwenye kioo cha mashine inaweza kusoma 165 wakati nozeli iko 145, kwa kuwa senza imelegea kwenye tundu lake au hita moja imekufa. Tumia kipimajoto cha waya, ncha yake ikiwa ndani ya gundi yenyewe. Kile cha kuelekeza mwanga hudanganya kwenye chuma kinachong'aa: kinasoma chini kuliko hali halisi. Ukilazimika kukitumia, elekeza kwenye uso wa gundi, au paka doa jeusi lisilong'aa linalostahimili joto kwenye chuma na upime hapo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitarajii: mashine ya polepole ndiyo inayoiangusha gundi ya moto. Tuseme kutoka nozeli hadi mahali kadibodi inapobanwa ni mita 1.5. Mashine ikikimbia mita 60 kwa dakika, gundi inafika baada ya sekunde 1.5 ikiwa bado hai. Mashine ileile ikiendeshwa mita 20 kwa dakika, kwa sababu kijana anayelisha ni mmoja tu, gundi inafika baada ya sekunde 4.5. Uzi mwembamba wa milimita 1.5 juu ya kadibodi iliyolala kwenye baridi ya Julai utakuwa umekwisha kuganda juu. Ukiubana unashika upande mmoja. Ukilibandua boksi, utakuta gundi imebaki upande ilikopakwa, na upande wa pili karatasi iko safi kama haijawahi kuguswa. Alama hiyo haimaanishi gundi mbovu. Inamaanisha ilichelewa.

Dawa yake kwa mpangilio: sogeza bunduki karibu na mahali pa kubania, ongeza unene wa uzi hadi milimita 2 au 2.5, kwa sababu uzi mnene unatunza moto. Laza kadibodi ya kesho ndani usiku badala ya kuiacha kibarazani. Mwisho kabisa ndipo upandishe joto, nyuzi 5 kwa mara moja, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. Oktoba mambo yanageuka. Kadibodi yenyewe ni ya moto, gundi inachelewa kuganda, na boksi linatoka kwenye kibanio likiwa bado laini na kujifungua lenyewe. Hapo unapunguza unene wa uzi au unaongeza muda wa kubana.

Uzi una hesabu yake. Wa milimita 1.5 unakula takriban gramu 1.7 kwa mita, wa milimita 2 unakula gramu 3. Mshono, yaani mahali pande mbili za boksi zinapounganishwa, ukiwa wa sentimita 30 ni nusu gramu kwa wa kwanza, na karibu gramu 0.9 kwa wa pili. Kwa hiyo kuongeza nusu milimita kunakaribia kuongeza matumizi maradufu, na ndiyo maana kusogeza bunduki kunatangulia.

Umeme ni sura nyingine. Ukikatika katikati ya kazi, gundi kwenye nozeli inaganda ndani ya dakika chache. Mashine haifi, ila pampu isiwashwe tena mpaka tangi, mpira na nozeli vyote vimefika kwenye joto lake. Ukiisukuma mapema unapasua sili au mpira. Na kila mzunguko wa kupoa na kuyeyuka unaichosha gundi iliyomo. Penye umeme wa kukatikakatika, usijaze tangi. Weka punje za saa moja au mbili, ongeza kidogokidogo. Kazi ikisimama zaidi ya nusu saa, shusha joto nyuzi 40 hivi badala ya kuiacha ikichemka bure.

Punje zikae kwenye ndoo yenye kifuniko, kwa kuwa vumbi la kiangazi likiingia tangini linaishia kwenye chujio. Usichanganye EVA na gundi ya moto ya jamii nyingine kwa kuwa tu zinafanana rangi. Zikikataana zinatengeneza mabonge ndani ya mpira, na mpira wenye hita ni ghali kuliko gunia la gundi.

Fundi avae glavu na miwani. Gundi ya 160°C ikimwangukia mtu mkononi, mkono uwekwe kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Isibanduliwe, maana inaondoka na ngozi. Apelekwe kituo cha afya ikiwa hapohapo.

Gundi nyeupe: joto la chumba ndilo linaloamua

Hapa hakuna hita, kwa hiyo watu wengi wanadhani hakuna joto la kuangalia. Lipo. Gundi nyeupe inapopata joto inakuwa nyepesi. Ndoo ileile iliyokuwa nzito saa moja asubuhi, saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari itarushwa na gurudumu kama matone. Tabaka linakuwa jembamba, gundi inavuja pembeni mwa ulimi wa boksi (ile sehemu inayopakwa gundi), na maboksi yanagandana yakipangwa. Wakati huohuo maji yanaondoka kwenye beseni lililo wazi, na kufikia jioni gundi imeanza kuwa nzito tena. Hewa kavu ya Tabora ndiyo inayofanya mambo haya mawili yavutane, na fundi asiyepima atashinda anakoroga na kuongeza maji bila kujua anatibu nini.

Kipimo rahisi: chukua kikombe cha chuma, toboa tundu la milimita 6 chini, kijaze gundi na hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Andika sekunde za ndoo mpya ukutani. Pima asubuhi, mchana na kila unapoongeza gundi. Sekunde zikipungua sana, hamishia ndoo mahali penye ubaridi; usitafute kitu cha kuongeza. Zikizidi, ongeza maji safi, yasizidi 3 kwa kila 100 za uzito, na kama tu muuzaji anaruhusu. Funika beseni, lijaze kidogo mara nyingi badala ya kulijaza hadi juu mara moja.

Pipa lisisafiri wala kulala juani. Gundi hizi zikikaa muda mrefu juu ya 35°C zinaharibika: zinajitenga, zinafanya mabonge, zinachacha. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenye kontena unaweza kukaa siku kadhaa kwenye joto kubwa zaidi ya hilo kabla hujaupokea Tabora au Kigoma, basi fungua pipa mbele ya dereva, koroga, tazama na unuse kabla ya kusaini.

Kuna swali la maji yanayoingia kwenye kadibodi, na hili ni la Kigoma hasa. Chukua ulimi wa sentimita 30 kwa milimita 30. Ukipaka gramu 40 kwa mita mraba, mshono mmoja unachukua gramu 0.36, na kama nusu ya gundi ni maji, gramu 0.18 za maji zinaingia kwenye tabaka mbili za karatasi. Karatasi ya gramu 125 kwa mita mraba, tabaka mbili, eneo hilo lina uzito wa gramu 2.25. Yaani umeongeza unyevu kwa takriban 8 kwa 100 mahali hapo. Kadibodi iliyoanza na unyevu wa 8 inavumilia. Iliyoanza na 13 baada ya kulala wiki nzima ya mvua kwenye ghala la wazi haina pa kuyapeleka maji hayo, na hewa ya nje nayo imejaa. Gundi inabaki nyeupe ndani ya mshono hadi kesho yake. Ukifunga rundo kwa kamba mapema, mshono unateleza na boksi linakuwa la pembe mbovu.

Basi Kigoma wakati wa mvua: kadibodi ikae juu ya mbao na ifunikwe kwa nailoni, pakiti ifunguliwe siku ya kazi tu, maboksi yaliyounganishwa yapangwe chini ya uzito ulio sawa kwa saa mbili au tatu, yasijazwe bidhaa kabla ya saa 24. Tabora kiangazi ni kinyume. Karatasi kavu inanyonya maji kabla ulimi haujafika upande wa pili, na mshono unabaki na gundi iliyokauka peke yake, ikibanduka kama ganda la kitunguu. Hapo ongeza kidogo unene wa tabaka, punguza umbali hadi kwenye kibanio, na usikate nailoni ya kadibodi siku mbili kabla.

Usafi wa gundi nyeupe ni rahisi, mradi ufanyike mapema. Mashine ikisimama dakika 10, futa gurudumu kwa kitambaa kilicholowa. Ikikauka, loweka kwa maji ya uvuguvugu na ukwangue kwa mbao. Na ile gundi nyeupe ya maseremala, hata ikiwa nzuri kwa meza, haikutengenezwa kwa mashine hii: ni nzito, inachelewa, na inakwama kwenye gurudumu.

Vipi gundi ya wanga?

Kigoma kuna muhogo mwingi, na swali hili linaulizwa kila mara. Gundi ya wanga ni ya kutengenezea kadibodi yenyewe, kubandika mawimbi kwenye karatasi bapa, na huko haina mpinzani kwa bei. Lakini inataka joto lake. Sehemu ndogo ya wanga hupikwa na magadi makali (kostiki soda), nyingine hubaki mbichi, na mchanganyiko huo huiva juu ya rola zenye mvuke, karatasi inapofikia takriban 60°C. Tangi la kuhifadhia likae 35 hadi 40°C. Likivuka hapo sana, wanga unaanza kuvimba kabla ya wakati. Likilala bila dawa, vijidudu vinaula na gundi inakuwa maji ndani ya siku moja au mbili. Kwa mshono wa boksi kwenye mashine ya kukunja, iache. Inachelewa kushika, na unyevu unairudisha nyuma.

Uamuzi

Karakana ndogo ya Tabora inayotengeneza maboksi ya asali, mia chache kwa siku, kwa mashine ya kulishwa kwa mkono: gundi nyeupe, bila kusita. Kasi ni ndogo, na kasi ndogo ndiyo adui wa gundi ya moto. Fedha ya tangi na mpira wenye hita itumie kuweka dari chini ya bati.

Kiwanda kinachojaza chupa na kufunga maboksi kwa mashine, boksi likihitaji kusimama baada ya sekunde mbili: gundi ya moto kwa kufungia vifuniko, na mshono wa pembeni ubaki wa gundi nyeupe. Mchanganyiko huu ndio tunaoupendekeza zaidi, kwa sababu mshono hauna haraka, vifuniko vina haraka.

Sabuni na mawese yanayopakiwa bandari ya Kigoma kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie yanangoja juani, kisha yanaingia kwenye tumbo la chombo lenye joto. Ndani ya kontena la chuma lililopigwa na jua, joto linaweza kufika 50°C na zaidi, na EVA ya kawaida yenye mzigo juu yake huanza kulegea kwenye eneo hilohilo. Mshono uwe wa gundi nyeupe iliyokauka vizuri. Kama vifuniko ni lazima viwe vya gundi ya moto, dai ya kustahimili joto na uonyeshwe namba yake kwa maandishi.

Samaki wa barafu: achana na zote mbili, shona kwa pini za waya.

Kabla ya kulipia gundi yoyote ya moto, ijaribu hivi. Bandika vipande viwili vya kadibodi yako, vyenye upana wa sentimita 2.5, na uviache usiku kucha. Ning'iniza kimoja, fungia gramu 100 kwenye kingine ili uzito uvute kama unabandua, weka ndani ya oveni yenye kipimajoto. Anza 40°C, panda nyuzi 5 kila baada ya dakika 20, andika joto ambalo uzito umeanguka. Ukianguka kwenye 50 au chini, gundi hiyo haifai kwa boksi linalosafiri. Kwa gundi nyeupe, andaa vipande vilevile siku ya mvua na siku ya jua, vibandue baada ya saa 1, saa 3 na saa 24. Karatasi ikichanika na kuacha manyoya juu ya gundi sehemu kubwa ya mshono, muda huo unatosha kwako. Ikibanduka laini, au ukiona weupe ndani, usikubali kumpa mteja maboksi mapema kuliko hapo hata akikuharakisha.